Upepo Unaposukuma Ziwa: Mafuriko ya Dhoruba na Maneno ya Hati Yako ya Bima

Watu wengi wanaoishi kando ya ziwa huyahesabu mafuriko kuwa ni habari ya mvua na mito. Mvua ikizidi, mito hujaa. Mito ikijaa, ziwa hupanda. Ziwa likipanda, nyumba za mabondeni huingia maji. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Ipo gharika ya namna nyingine ambayo huletwa na upepo. Upepo mkali huyachukua maji yaliyomo tayari ziwani, huyasukuma upande mmoja na kuyapandisha nchi kavu. Gharika hiyo huja kwa saa, si kwa siku. Nayo ikishapita, huacha swali gumu: je, nyumba iliyobomoka imebomolewa na upepo au na maji?

Kwa familia iliyopoteza kila kitu, swali hilo laweza kuonekana halina maana. Hata hivyo, katika mkataba wa bima jibu lake ndilo linaloamua kama fidia italipwa au haitalipwa. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kueleza, katika sehemu hii ya kijitabu, jinsi upepo unavyoweza kuligeuza ziwa kuwa hatari, na jinsi mkataba wa bima unavyoitazama hatari hiyo. Mfano mkuu tunautoa Marekani, kwenye Ziwa Okeechobee, ambako jambo hili lilitokea kwa ukali usiosahaulika mwaka 1928. Kisha tutautazama mji wa New Orleans, ambako wenye nyumba walifikishana mahakamani na kampuni za bima baada ya mwaka 2005. Mwisho tutarudi kwetu, tuone ni mafunzo yapi yanatuhusu na yapi hayatuhusu.

Jinsi upepo unavyoinua maji

Ziwa Okeechobee liko kusini mwa jimbo la Florida. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,900, na mtu akisimama ufukoni haoni ng'ambo ya pili. Pamoja na upana huo wote, kina chake cha wastani hakifiki mita 3. Ukilinganisha upana na kina, ziwa hilo ni kama sinia kubwa lililotiwa maji kidogo.

Upepo unapovuma juu ya ziwa huyaburuta maji ya juu kuelekea upande unakokwenda. Maji hayo yakifika ufukoni hukosa pa kwenda, hivyo hujikusanya na kupanda. Katika ziwa lenye kina kirefu, sehemu kubwa ya maji hayo hupata njia ya kurudi chini kwa chini. Ziwa la kina kifupi halina nafasi hiyo, na maji huzidi kurundikana maadamu upepo unaendelea. Upande wa pili, maji hupungua kwa kadiri ileile.

Mambo matatu huamua ukubwa wa rundo hilo la maji. La kwanza ni kasi ya upepo: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kuyasukuma maji huongezeka takriban mara nne. La pili ni umbali ambao upepo unavuma juu ya maji bila kizuizi. La tatu ni kina: kadiri ziwa linavyokuwa la kina kifupi, ndivyo maji yanavyopanda zaidi.

Kimbunga kina tabia moja zaidi ambayo ni muhimu kuifahamu. Upepo wake huzunguka kitovu. Kitovu kikishapita, upepo uliokuwa ukitoka kaskazini huweza kugeuka na kuvuma kutoka kusini. Kwa hiyo ufuko uliokuwa mkavu mwanzoni mwa usiku waweza kufunikwa kabla ya alfajiri.

Usiku wa Septemba 16, 1928

Mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi iliyo kusini mwa Ziwa Okeechobee ilikaushwa kwa mifereji ili ilimwe. Udongo wake mweusi ulikuwa na rutuba nyingi, na miji midogo ya wakulima ikaota pembezoni mwa ziwa: Belle Glade, Pahokee, South Bay na mingineyo. Kilichowatenga wakazi na maji kilikuwa tuta la udongo, ambalo sehemu zake nyingi hazikuzidi mita 2 hadi 3 kwenda juu. Onyo la kwanza lilikuja Septemba 1926, kimbunga kilipolivunja tuta na kuugharikisha mji wa Moore Haven, upande wa kusini-magharibi wa ziwa. Watu wengi walikufa. Miaka miwili baadaye tuta lilikuwa bado halijaimarishwa vya kutosha.

Mwaka 1928 mvua za Agosti na mwanzo wa Septemba zilikuwa zimekwisha kulijaza ziwa. Wakati huohuo kimbunga kikubwa kilikuwa kinakuja kutoka Bahari ya Atlantiki. Kilikuwa kimekwisha kuipiga Guadeloupe Septemba 12 na Puerto Rico Septemba 13. Jumapili, Septemba 16, wakazi wa pembezoni mwa ziwa walionywa mapema waondoke sehemu za chini. Wengi walitii. Lakini saa iliyotajwa ilipofika, kimbunga hakikuonekana. Baadhi ya watu wakadhani kimepita mbali, wakarudi majumbani kwao.

Kimbunga hakikuwa kimepita, kilikuwa kimechelewa. Jioni hiyo kiliingia pwani karibu na West Palm Beach, kikaelekea ziwani usiku. Upepo wa kaskazini uliyasukuma maji ya ziwa kuelekea kusini mpaka yakalipita tuta, kisha yakalivunja. Maji yaliingia mashambani na mijini gizani, na mahali pengine kina chake kilizidi mita 3. Nyumba ziling'olewa kwenye misingi yake zikaelea na watu ndani. Kitovu kilipopita, upepo ukageuka, na upande wa kaskazini wa ziwa nao ukagharikishwa.

Kwa muda mrefu idadi rasmi ya waliokufa ilitajwa kuwa 1,836. Mwaka 2003 mamlaka za hali ya hewa za Marekani ziliirekebisha na kuwa angalau watu 2,500. Wengi wao walikuwa vibarua weusi wa mashambani, na miongoni mwao walikuwamo watu waliotoka visiwa vya Bahamas kutafuta kazi. Katika mji wa West Palm Beach zaidi ya miili 600 ya watu weusi ilizikwa katika kaburi moja la pamoja, ilhali majeneza machache yaliyokuwapo yalitengwa kwa ajili ya wazungu. Waliokuwa na nyumba dhaifu kuliko wote, katika ardhi ya chini kuliko yote, ndio waliopoteza zaidi. Hata mazishi yao hayakuwa sawa na ya wengine.

Tunayasimulia haya kwa sababu yana mafunzo mawili kwa kila mkazi wa kando ya maji. Kwanza, hatari iliyochelewa haijaondoka. Anayeondoka kwa agizo la wataalamu asirudi kwa makisio yake mwenyewe. Angoje atangaziwe kwamba hali ni salama. Pili, tuta si ahadi. Baada ya maafa hayo serikali ya Marekani ilijenga tuta kubwa zaidi, ambalo leo linajulikana kwa jina la Herbert Hoover na linalizunguka ziwa kwa urefu wa takriban kilomita 230. Tuta hilo nalo limehitaji ukarabati mkubwa, ambao ulikamilika mwaka 2023. Kizuizi chochote cha maji hupunguza hatari kwa kiwango fulani, na kiwango hicho kina mwisho.

Upepo au maji? Kesi za New Orleans

Mji wa New Orleans umepakana upande wa kaskazini na Ziwa Pontchartrain, ambalo pia ni pana na la kina kifupi, nalo limeungana na bahari. Kimbunga Katrina kilipofika Agosti 29, 2005, maji ya bahari yaliingia ziwani, na upepo ukayasukuma kuelekea mjini. Kuta za mifereji inayoingia ziwani zilibomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji.

Wenye nyumba wengi walikuwa na bima. Walipodai fidia, waligundua kwamba hati zao zilikinga uharibifu wa upepo lakini ziliyaweka mafuriko kando kwa maneno bayana. Wapo waliojenga hoja kwamba maji yale hayakuwa mafuriko ya kawaida, kwa kuwa yalipita kwenye kuta zilizobomoka kutokana na kasoro za kibinadamu. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliikataa hoja hiyo: maji yaliyotoka mahali pake na kuifunika nchi kavu ni mafuriko, iwe ukuta ulibomoka kwa uzembe au kwa nguvu za asili. Mwaka 2008 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo la Louisiana nayo ikafikia uamuzi unaofanana na huo.

Marekani ina mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, na bima hiyo hununuliwa kando na bima ya kawaida ya nyumba. Mpango huo una masharti mawili yenye mafunzo. Kwa kawaida kinga yake huanza baada ya siku 30 tangu kununuliwa, hivyo mtu hawezi kungoja mpaka kimbunga kitangazwe ndipo akimbilie bima. Pia una kikomo: nyumba ya kuishi familia hukingwa hadi dola 250,000 na vilivyomo hadi dola 100,000, hata kama hasara ni kubwa zaidi.

Yanayotuhusu na yasiyotuhusu

Ni haki ya msomaji kuambiwa ukweli usiotiwa chumvi. Vimbunga vya aina ya kile cha Okeechobee havitarajiwi katika Ziwa Victoria. Kimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe, na karibu na mstari wa ikweta msukumo huo ni hafifu mno. Isitoshe, Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha takriban mita 40, hivyo upepo hauwezi kurundika maji yake kama unavyofanya kwenye ziwa la mita 3. Hata hivyo, ghuba zenye kina kifupi hupata mawimbi makali wakati wa dhoruba, na wavuvi wanayajua vema.

Hatari kubwa zaidi katika maziwa yetu ni ile ya kupanda polepole. Mwezi Mei 2020, baada ya mvua nyingi, Ziwa Victoria lilifikia kiwango kilichoipita rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda zaidi ya hapo. Ziwa Tanganyika nalo limepanda katika miaka hii na kuingia katika makazi ya watu. Ziwa likiwa limekwisha kujaa, hata upepo wa kawaida hutosha kuyaingiza mawimbi ndani ya nyumba ambazo zamani zilikuwa mbali na maji. Ndivyo ilivyokuwa Okeechobee: mvua ililijaza ziwa kwanza, upepo ukamaliza kazi.

Kwa upande wa pwani ya Bahari ya Hindi, vimbunga ni nadra lakini vipo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika katika Kisiwa cha Mafia. Mkazi wa pwani, basi, asijihesabu kuwa nje ya mazungumzo haya.

Mambo ya kukagua katika hati yako

Tunamsihi kila mwenye bima ya nyumba au ya biashara aitoe hati yake kabatini, aisome wakati hali ni shwari, na ajiulize maswali yafuatayo.

1. Je, mafuriko yametajwa kwa jina? Kwa kawaida hati ya msingi ya bima ya moto hukinga moto, radi na baadhi ya milipuko. Dhoruba na mafuriko huongezwa kama majanga ya ziada, na mteja huyalipia. Usiridhike na kauli ya mdomo kwamba "kila kitu kimo". Kilichomo ni kile kilichoandikwa.

2. Je, hati inatofautisha dhoruba na mafuriko? Upepo ukiezua paa na mvua ikaingia kwa juu, kwa kawaida hiyo ni hasara ya dhoruba. Maji ya ziwa yakiingia kwa chini ya mlango, kwa kawaida hayo ni mafuriko, hata kama ni upepo uliyasukuma. Mwenye kinga ya dhoruba peke yake anaweza kulipwa paa asilipwe sakafu, kuta na samani.

3. Je, hati inasemaje kuhusu maji yanayopanda polepole? Bima hukinga tukio la ghafla lisilotarajiwa. Baadhi ya hati hukataa wazi hasara inayotokana na kupanda kwa maji yaliyo chini ya ardhi. Kama nyumba yako iko karibu na ziwa linaloendelea kupanda, uliza swali hili kwa maandishi na uhifadhi jibu.

4. Ni mali ipi haikukingwa? Mara nyingi uzio, mageti na vitu vilivyoachwa nje havimo katika kinga ya dhoruba na mafuriko. Mitumbwi, mashine za boti na nyavu huhitaji bima yake.

5. Je, umekata bima ya thamani kamili? Tuseme nyumba ingegharimu shilingi milioni 60 kuijenga upya, nawe umeikatia bima ya milioni 30 ili upunguze ada. Hasara ikiwa ya milioni 10, kampuni yaweza kulipa milioni 5 tu, kwa kuwa uliikinga nusu ya thamani.

6. Ni kiasi gani utakibeba mwenyewe? Hati nyingi huweka kiasi cha mwanzo cha kila hasara ambacho hubaki juu ya mwenye bima. Kijue kiasi hicho kabla ya siku ya dai.

7. Je, umepanga nyumba? Bima ya mwenye nyumba hukinga jengo. Kitanda, jokofu na bidhaa zako za dukani haziingii humo. Ni lazima uzikatie bima yako.

8. Je, umesema ukweli wote? Ukiulizwa kama kiwanja kimewahi kuingia maji, nacho kiliingia mwaka 2020, sema. Jambo lililofichwa siku ya kununua bima laweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia siku ya kudai.

9. Je, jengo liko mahali panaporuhusiwa? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Anayejenga ndani ya eneo hilo anajiweka katika hatari ya maji, na anaweza pia kukuta dai lake linapingwa.

Maji yakishaingia

Uhai hutangulia mali. Fuata utabiri na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ondoka unapoagizwa, na weka hati ya bima pamoja na vitambulisho katika mfuko usiopitisha maji. Piga picha za kila chumba mapema, mali ikiwa bado salama, na utume nakala kwa ndugu anayeishi mbali.

Hatari ikishapita na ikatangazwa kuwa ni salama kurudi, piga picha kabla ya kusafisha. Onyesha alama ambayo maji yaliacha ukutani, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayosema yalifika wapi. Piga pia picha za paa, mabati yaliyong'oka na mbao zilizovunjika, kwa kuwa hizo zitasema upepo ulifanya nini. Andika saa ambayo paa liliezuka na saa ambayo maji yaliingia, na majirani walioshuhudia. Pale upepo na maji vilipoharibu kwa pamoja, mpangilio huo wa matukio ndio utakaoonyesha sababu kuu ya kila hasara.

Toa taarifa kwa kampuni yako ya bima mapema kadiri uwezavyo, kwa maandishi, na utunze nakala. Zuia hasara isiendelee, kama vile kwa kuziba paa kwa turubai, lakini usitupe vilivyoharibika kabla mkadiriaji wa hasara hajaviona. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha hati kilichotumika. Usitie saini karatasi ya kukubali malipo ya mwisho ikiwa hujaielewa. Kama hukuridhika na maelezo ya kampuni, lete malalamiko yako kwetu pamoja na nakala za hati, barua na picha.

Hatuwezi kuuzuia upepo wala kuliamuru ziwa. Wala hatuwezi kuiamuru kampuni ilipe hasara ambayo mkataba haukuikinga. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba kilichoahidiwa kinatekelezwa. Ndiyo maana tunarudia ombi letu: isome hati yako leo, maji yangali mbali na mlango. Kama neno "mafuriko" halimo, uliza gharama ya kuliongeza. Kama limo, soma masharti yaliyolizunguka. Swali linaloulizwa sasa dirishani kwa wakala hugharimu nauli ya kwenda na kurudi. Likiulizwa baada ya gharika, laweza kugharimu nyumba nzima.